Mita ya LUKU haina laini: inajuaje kuwa umelipa?

Msomaji wa Tabata Kimanga ameniandikia hivi: "Jumapili usiku umeme uliisha. Nikanunua kwa simu, ujumbe ukaja, nikaingiza namba kwenye rimoti, taa zikawaka. Mume wangu anasema ndani ya mita kuna laini ya simu, ndiyo maana inajua. Fundi aliyekuja kutengeneza soketi anasema haina laini yoyote. Kama haina, inajuaje kuwa nimelipa? Kwa nini namba ya jirani haikubali kwangu, na yangu haikubali mara mbili? Halafu mwanzo wa mwezi elfu kumi ilinipa uniti kama 24, wiki mbili baadaye elfu kumi hiyohiyo ikanipa 28. Nani anakula uniti zangu?"

Fundi wako amesema kweli, dada yangu. Mita ya LUKU (Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo) ya kawaida, hii ya kuingiza namba yenye tarakimu 20 kwa mkono, haina laini wala intaneti. Mita janja zilizoanza kufungwa miaka hii zina mawasiliano, hizo ni habari nyingine. Ya kwako, tangu ilipofungwa, haijawahi kuongea na ofisi yoyote. Haijui leo ni tarehe ngapi. Haijui hata shilingi ni nini. Pamoja na hayo haidanganyiki, na kwa mtu kama mimi niliyezifungua na kuzifunga mita hizi kwa miaka, bado hilo linanifanya niwaheshimu walioibuni kazi hii.

Ili tuelewane, twende kwanza Kariakoo. Unataka mifuko 10 ya saruji. Duka liko Mtaa wa Msimbazi, mzigo uko stoo Buguruni. Unalipa dukani, unapewa kikaratasi, unakodi guta mpaka Buguruni, unamkabidhi mtunza stoo, anakuhesabia mifuko yako. Sasa tuseme mtunza stoo huyu hana simu, hatoki pale stoo, na tajiri wake haendi kumtembelea. Atajuaje kuwa kikaratasi kimetoka kwa tajiri, hukukiandika mwenyewe ukiwa njiani? Njia ni moja. Siku alipoajiriwa, yeye na tajiri walikaa wawili wakapeana siri: namna ya kuandika idadi ya mifuko kwa fumbo ambalo mbebaji hawezi kulisoma wala kulitunga. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mbebaji anaona tarakimu tupu. Mtunza stoo akizisoma anaona: mifuko 10, mpe.

Mita yako ndiye mtunza stoo. Tajiri ni kompyuta ya mauzo ya TANESCO, shirika la umeme. Kikaratasi ni tokeni, ile namba 20. Na mwenye guta ni wewe: ukisoma namba kwenye simu na kuzibonyeza kwenye rimoti, wewe mwenyewe ndiye mtandao unaounganisha ofisi na mita. Hakuna mwingine.

Utaratibu huu unaitwa STS, kifupi cha Kiingereza cha Standard Transfer Specification. Ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati shirika la Eskom lilipokuwa linapeleka umeme kwenye nyumba nyingi za vitongoji na vijiji ambako waya wa simu haukufika. Kabla ya hapo kila kiwanda cha mita kilikuwa na namba za aina yake, kwa hiyo shirika likishanunua mita kwa mtengenezaji mmoja limefungwa kwake. STS iliwapa wote lugha moja. Ndiyo maana leo mtaa mmoja wa Tabata unaweza kuwa na mita za viwanda vitatu tofauti, na zote zinakula namba 20 kutoka kwa muuzaji yuleyule.

Siri yenyewe, ambayo sisi tunaiita ufunguo, iko ndani ya mita tangu inapoandaliwa kwa matumizi. Kila mita ina wa kwake. Ufunguo wa mita yako unatokana na namba ya mita, zile tarakimu 11, ukichanganywa kihesabu na ufunguo mkuu wa shirika. Ufunguo huo mkuu unakaa ndani ya kisanduku maalumu cha usalama kwenye kituo cha mauzo, kilichotengenezwa ili hata anayekiendesha asiweze kuuona. Unaponunua, kisanduku kinapokea namba ya mita yako, kinakokotoa ufunguo wako papo hapo, kinafunga ujumbe, kinatoa namba 20. Hakuna haja ya kutunza daftari la funguo za mita zote za nchi. Kila mara ufunguo unakokotolewa upya.

Kwa hiyo tarakimu ya mwisho ya namba ya mita yako ina kazi yake. Ni ya kuhakiki. Inatokana na hesabu ya zile 10 za mbele, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM huko Marekani miaka ya 1950, kanuni ileile inayolinda namba za kadi za benki. Ukikosea tarakimu moja wakati wa kununua, hesabu haifungi na mashine inakataa kabla pesa haijaondoka. Lakini haikulindi usipokosea hesabu ila ukakosea nyumba: ukiandika namba halali ya mita ya jirani, umemnunulia jirani. Isome tena kabla ya kuweka namba ya siri ya simu.

Sasa tuifungue tokeni yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Kompyuta huhesabu kwa biti, yaani vijiswichi vyenye hali mbili tu, sifuri au moja. Tarakimu zako 20 zinabeba biti 66. Mbili kati ya hizo zinasema tokeni ni ya kundi gani: ya umeme, au ya kazi za kiufundi. Zile 64 zinazobaki ndizo zinazofungwa kwa ufunguo. Ndani yake biti 4 zinataja aina ya huduma, na 4 ni za bahati nasibu, ili tokeni mbili zenye maelezo sawa zisitoke na namba zilezile. Biti 24 zinabeba muda: dakika tokeni ilipotengenezwa, ikihesabiwa tangu tarehe ya mwanzo iliyokubaliwa. Biti 16 zinabeba kiasi cha umeme, kikihesabiwa kwa sehemu ya kumi ya uniti. Ndiyo sababu unaona 28.1 na huoni 28.07. Na biti 16 za mwisho ni muhuri, jumla maalumu inayotokana na yote yaliyotangulia.

Vyote hivyo vikishapangwa, vinakorogwa kwa ufunguo. Nasema vinakorogwa kwa sababu usimbaji huu haufichi kila tarakimu peke yake. Ni kama kuchanganya unga, maji na chumvi: huwezi tena kunyooshea kidole punje ya chumvi. Ukibadilisha tarakimu moja tu ya tokeni yako, ukidhani utageuza 28 kuwa 82, mita ikiifungua inakuta vurugu tupu na muhuri hauafiki. Inakataa.

Hapo hapo ndipo lilipo jibu la namba ya jirani. Mita yako haisemi "hii ni ya fulani wa nyumba ya pili." Haimjui. Inachukua ufunguo wake, inajaribu kufungua, inapata takataka, inalinganisha na muhuri, haviendani. Kwa ufunguo wa jirani, tarakimu zilezile zingefunguka vizuri kabisa.

Kuna wanaoniuliza kama mtu hawezi kukaa tu na kubahatisha namba. Hesabu inamjibu. Namba ya kubuni ingepaswa kuangukia kundi sahihi, aina sahihi na muhuri sahihi kwa pamoja, na uwezekano wa hivyo vitatu kukutana ni chini ya mara moja katika majaribio milioni 4. Akijaribu namba moja kila dakika, usiku na mchana, hali wala halali, atahitaji kama miaka 8 ili awe na tumaini la kupata moja. Na mita nyingi hujifunga kwa muda ukikosea mfululizo. Anayekuuzia "namba za bure" mtaani anakuibia wewe, haliibii shirika.

Kuhusu kutokubali mara mbili, rudi kwenye ile dakika iliyoandikwa ndani ya tokeni. Mita huweka kumbukumbu ya dakika za tokeni za karibuni ilizopokea, 50 kwa uchache. Ukiingiza tokeni, inaangalia dakika yake. Ikiwa imo kwenye orodha, imetumika. Ikiwa ni ya zamani kuliko ya zamani kabisa iliyomo kwenye orodha, inakataliwa pia, kwa sababu mita haina tena namna ya kujua kama iliwahi kuitumia. Ikiwa si hivyo wala vile, inaongeza uniti na kuandika dakika hiyo mahali pa ile kongwe. Mtunza stoo wetu wa Buguruni anafanya hivyohivyo: ana daftari dogo la vikaratasi 50, kila kipya kikiingia kile cha chini kabisa kinafutwa.

Na tazama jambo hili zuri: kwa kazi hiyo mita haihitaji saa. Hailinganishi tokeni na leo. Inalinganisha tokeni na tokeni. Ndiyo maana unaweza kununua tokeni tatu siku ya mshahara, ukaziandika nyuma ya kalenda, ukaingiza ya tatu kwanza na ya kwanza baadaye, zote zikakubali. Mama mmoja mwenye genge Mbagala niliyewahi kumfungia mita alikuwa na tokeni moja ndogo ndani ya bahasha nyuma ya picha ya harusi, akiba ya usiku wa shida. Ni utaratibu mzuri. Mei 2021, manunuzi ya LUKU yalipokwama nchini kwa siku kadhaa na watu wakapanga foleni kwenye ofisi, waliokuwa na uniti ndani ya mita au tokeni kwenye bahasha hawakuguswa. Kukwama kwa kompyuta ya mauzo hakuzimi nyumba. Kunazuia tu kikaratasi kipya kuandikwa.

Bahasha hiyo ina mpaka wake, na ulionekana mwaka 2024. Biti 24 zinaweza kuhesabu dakika 16,777,216, basi. Hiyo ni chini kidogo ya miaka 32. Walioanzisha mfumo waliamua kuhesabu tangu mwanzo wa mwaka 1993, na kwa hesabu hiyo dakika ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Kama ndoo iliyojaa, tone linalofuata halina pa kuingia: hesabu ingerudi sifuri, na kila tokeni mpya ingeonekana na mita kuwa ni ya 1993, kongwe kuliko zote, ya kukataliwa. Mita za aina hii duniani kote zilikuwa na tatizo hilohilo, za Tanzania zikiwemo.

Dawa ilikuwa kuhamisha mwanzo wa hesabu hadi mwaka 2014 na wakati huohuo kubadilisha ufunguo. Lakini utampelekaje mtunza stoo siri mpya wakati hana simu? Kwa mbebaji yuleyule. Ndiyo sababu mwaka ule ulinunua umeme ukapokea mistari mitatu ya namba 20, mtaani watu wakaanza kuulizana kuna nini. Ufunguo mpya una biti 64, na tokeni moja, ukitoa nafasi ya muhuri na vitambulisho, haina nafasi ya kuubeba wote. Ukakatwa nusu mbili za biti 32. Mstari wa kwanza nusu moja, wa pili nusu nyingine, zote zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa zamani ambao mita ilikuwa bado inaujua. Mita ilipopata nusu zote mbili ikaziunganisha, ikaacha siri ya zamani, ikafuta daftari lake la dakika na kuanza jipya. Mstari wa tatu ndio uliokuwa umeme, umefungwa kwa ufunguo mpya. Walioruka kwenda wa tatu moja kwa moja waliona umekataliwa na wakadhani wameibiwa. Hawakuibiwa, walimpa mtunza stoo fumbo la siri ambayo alikuwa hajafundishwa. Na uniti zilizokuwamo ndani ya mita zilibaki palepale.

Ndiyo maana tokeni yoyote uliyoificha kabla ya mabadiliko hayo imekufa. Vilevile mita ikibadilishwa kwa ubovu, tokeni uliyonunua kwa namba ya mita ya zamani haifai kwenye mpya. Kabla fundi wa shirika hajaondoka na mita mbovu, mwambie aandike uniti zilizobaki kama zinasomeka, na udai zirudishwe. Kwa mwanzo mpya wa 2014, ndoo itajaa tena mwaka 2045.

Sasa pesa. Nimekwambia mita haijui shilingi, na hili ulishike vizuri, maana ndilo linaloondoa shaka yako. Ndani ya tokeni hakuna bei. Kuna uniti tu. Hesabu yote ya bei, kodi na tozo inamalizika ofisini kabla kikaratasi hakijaandikwa. Kwa hiyo kama elfu kumi imekuletea 24, usiigombeze mita. Ilipewa 24 na ikaweka 24. Angalia ujumbe wa risiti.

Kwako naona jambo la kawaida. Uniti 28 kwa elfu kumi ni dalili kuwa uko kwenye daraja la matumizi ya kawaida, T1, ambalo tangu 2016 bei yake ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT, asilimia 3 ya REA ya kupeleka umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Ukijumlisha, uniti moja inakufikia kwa kama shilingi 356. Gawanya elfu kumi kwa 356: 28 na kidogo. Ile ya mwanzo wa mwezi ilipungua kwa sababu ya kodi ya majengo. Agosti 2021 Serikali ilianza kuikata kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 ni 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Elfu kumi toa 1,500 ni 8,500. Gawanya kwa 356, unapata karibu 24. Manunuzi ya pili mwezi huohuo hayaguswi, ukarudi kwenye 28. Ukikaa miezi mitatu bila kununua, siku utakayonunua inakatwa ya miezi yote mitatu, na hapo ndipo watu hupiga kelele.

Kama mmepanga, kodi hiyo kwa sheria ni ya mwenye nyumba. Mita haiwezi kujua nani mpangaji. Tunza zile meseji za manunuzi zinazoonyesha makato, mkae na baba mwenye nyumba, mkubaliane ipunguzwe kwenye pango. Nimeona wengi wakikaa kimya miaka kwa aibu ya shilingi 18,000 kwa mwaka. Ni haki yako, iombe.

Usichanganye daraja lako na la D1, la wanaotumia umeme kidogo. Hao wanalipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, wakizidi hapo kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi. Jirani anayekwambia "mimi elfu tano inanipa nyingi kuliko wewe" huenda hana mita ya kichawi. Yuko daraja hilo tu.

Nimebakiza rimoti. Watu hudhani uniti zimo ndani yake, ikianguka kwenye ndoo ya maji wanalia. Rimoti ni kibodi na kioo basi. Uniti, ufunguo na lile daftari la dakika vyote viko ndani ya mita yenyewe, mara nyingi juu ya nguzo, kwenye kumbukumbu isiyofutika hata umeme ukikatika mtaa mzima. Rimoti huipelekea mita tarakimu kwa kupitia nyaya za umeme zilezile au kwa mawimbi ya redio ya umbali mfupi. Hapo labda ndipo mume wako alipopata wazo la laini: mawasiliano yapo, ila ni ya hapo nyumbani tu, kutoka sebuleni hadi nguzoni. Ikifa, ripoti, utaletewa nyingine na kuunganishwa na mita yako, uniti utazikuta.

Na kama shemeji bado anabisha, fanyeni hivi. Nunueni umeme asubuhi, muandike namba 20 kwenye karatasi. Jioni mzime simu zote mbili, na redio na televisheni mkipenda, yeye mwenyewe ashike rimoti, wewe umsomee namba nne nne. Uniti zitaongezeka mbele ya macho yake.